Njaa ya saa nne na ya saa kumi: nyinyi mnabeba nini mkobani?

BintiLikoni:
Asalaam aleikum. Nafanya kazi ya kufuatilia hati za mizigo, upande wa Shimanzi hapa Mombasa. Nyumbani ni Likoni, kwa hivyo natoka alfajiri niwahi feri, na chai nainywa wima. Mchana sina tatizo, kuna mama anatupikia wali na maharagwe. Shida ni saa nne, na tena saa kumi jioni. Wakati huo kilicho karibu ni soda, biskuti, viazi karai na kachri za muhogo, na kwenye foleni ya feri ni vivyo hivyo. Vyote navipenda. Lakini mama yangu ana sukari na presha, na mwaka huu nimeambiwa presha yangu nayo yaanza kupanda. Sitaki kufika alikofika yeye. Ofisini hakuna friji, joto la hapa mnalijua, na pesa ni za kuhesabu, kwa hivyo mambo ya mtindi na saladi za kwenye picha hayanifai. Nipeni vitu vya hapa Mombasa vinavyokaa mkobani na kushibisha.

TuktukNyali:
Dada, muhogo wa kuchoma! Kipande kimoja na ndimu, unafika mpaka magharibi. Mimi pia hubeba ndizi kisukari, machungwa, na mayai mawili ya kuchemsha kwenye kijimfuko.

NesiMstaafu_Majengo:
Mwanangu BintiLikoni, nimefanya uuguzi miaka mingi, na wenye presha niliowaona wengi waliogopa sukari wakaisahau chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo ushahesabu mchuzi na mkate. Kachri za pakiti, na ile chumvi ya pilipili wanayokupakia kwenye muhogo na embe bichi, humaliza fungu lako mapema. Muhogo wa kuchoma kula, kijana wa tuktuk amesema kweli. Mwambie muuzaji akupe ndimu na pilipili kavu tupu. Siku za mwanzo utauona umepooza, kisha ulimi huzoea.

Soda ya nusu lita ina sukari kama gramu 50. Hicho ndicho kiwango ambacho shirika hilo hilo linasema sukari ya kuongezwa isikizidi kwa mtu mzima kutwa nzima, na chini ya hapo ni bora zaidi. Dafu lina sukari kidogo kuliko soda, ukiona kiu kunywa hilo au maji. Ila kwa mama yako, dafu lina potasiamu nyingi. Kama figo zake zina matatizo au anameza dawa fulani za presha, aulize daktari kwanza.

Cha kubeba, kwangu mimi ni njugu. Nunua mbichi sokoni Kongowea, zimwage kwenye uteo uzichague kwa mkono. Zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zenye ukungu, tupa zote, kwa sababu kuvu hutoa sumu ya aflatoksini, na kuzikaanga hakuiondoi. Zilizobaki zikaange kavu bila chumvi, uzifunge usiku kwenye vikaratasi vya konzi moja moja kama wafungavyo wauzaji. Konzi ya gramu 30 ina protini karibu gramu 7, kiasi cha yai moja. Vikaratasi hivyo vina maana: njugu zina mafuta mengi, ukiweka kopo zima mezani utalimaliza huku unasoma hati.

Na wewe kijana, yai la kuchemsha lisishinde ndani ya tuktuk. Kwa joto letu saa mbili ni nyingi. Linunue kwa muuzaji likiwa bado moto, ulile pale pale.

BintiLikoni:
Shukran sana mama. Na tende je? Na mabuyu? Hapa ofisini mabuyu hayakosekani.

NesiMstaafu_Majengo:
Tende mbili tatu pamoja na njugu, hiyo ni saa kumi nzuri sana. Usizidishe, maana zaidi ya nusu ya uzito wa tende ni sukari, ingawa zina nyuzinyuzi. Mama yako azihesabu ndani ya wanga wake wa siku. Mabuyu mekundu ni sukari na rangi juu ya kitu kizuri. Tafuta yale meupe yasiyopikwa, uyaloweke usiku, uchuje, ubebe kwenye chupa.

ShangaziTudor:
Msimnyime mtoto viazi karai jamani! Akienda kubarizi Lighthouse, kule ufukweni, na wenziwe Jumapili ale.

NesiMstaafu_Majengo:
Ale, shangazi, kwa ukwaju wake. Mimi nakataa vya kila siku, tena kwenye mafuta yaliyokwisha kuwa meusi.

BintiLikoni, hiyo presha ilipimwa vipi? Kama ulitoka kukimbilia feri ukakalishwa hapo hapo, rudi upimwe tena. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza, na usiwe umekunywa kahawa nusu saa kabla. Wakuandikie namba zote mbili, ya juu na ya chini, kwenye karatasi, kisha uniambie.

BintiLikoni:
Nilipimwa nikitoka kazini, mama, sikukaa hata kidogo. Nitarudi Jumamosi asubuhi, nikitoka hapo napitia Kongowea kununua njugu.