Mrejesho: Nimechagua shahada ya sanaa na ubunifu

Ndugu zangu, miezi miwili iliyopita niliuliza kama niombe shahada ya sanaa na ubunifu hapa Dodoma au nimsikilize baba mdogo, ambaye alitaka nisome ualimu. Nawashukuru nyote, hasa yule aliyenishauri nisome orodha ya masomo ya kila mwaka badala ya kutazama jina la shahada tu, kwani ndipo nilipotambua kuwa uchongaji na ufinyanzi vinanivutia kuliko kazi ya kompyuta. TaSUBa, chuo cha sanaa cha Bagamoyo, niliiacha mapema, kwa kuwa nilitaka shahada, si stashahada.

Kilichonikata shauri, hata hivyo, ni safari ya Kolo, wilayani Kondoa, kwenye michoro ya miambani iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Nilikaa karibu saa nzima nikinakili kwa penseli watu wale wembamba wa rangi nyekundu, na baba mdogo, aliyenisindikiza shingo upande, ndiye aliyenishikia mwavuli.

Maombi nimeshayatuma. Chaguo la pili nimeandika ualimu, kwa heshima yake.