Tupeane uzoefu: Telly Savalas wa "Kojak" na kazi ya mwigizaji msaidizi

Mpiga Shoti
Wakuu mnaoigiza na mnaoongoza tamthilia, tuweke hapa mbinu za kujifunza kwa Savalas. Mmarekani mwenye asili ya Kigiriki, kazaliwa Garden City, New York, 1922, akaanza kuigiza umri ukikaribia miaka 40. Kituo cha televisheni cha CBS kilirusha "Kojak", tamthilia ya polisi mpelelezi aliyemcheza yeye, kuanzia 1973 hadi 1978, na 1974 akachukua Emmy, tuzo ya televisheni. Kabla ya hapo alikuwa mtu wa nafasi za pili: mfungwa katika "Birdman of Alcatraz" (1962), iliyompa uteuzi wa Oscar, na baba wa kambo katika mfululizo wa televisheni "The Twilight Zone" 1963. Naomba mambo ya kazi, sifa tuziache.

Bi Vipodozi
Nianze na kipara. Alinyoa acheze Pontio Pilato katika filamu ya George Stevens iliyotoka 1965, hakurudisha nywele tena.

Ukimnyoa mwigizaji wako, kumbuka vipande havirekodiwi kwa mpangilio. Cha leo kitaungwa na cha wiki iliyopita, kwa hiyo wembe upite kila asubuhi ya kurekodi. Mchana kagua tena, vinyweleo vikianza kuota shoti ya karibu inaonyesha kivuli. Jasho nalo: utosi uking'aa, kamera iliyoachwa kwenye otomatiki inapunguza mwanga na uso unakuwa giza. Gandamiza tishu kwanza, usisugue, ndipo upige poda isiyong'aa. Poda juu ya jasho inafanya mabaka. Na ichaguliwe kwa rangi ya utosi, maana mara nyingi utosi na mashavu havifanani.

Mwendelezo
Pipi ya kijiti anayoinyonya Kojak iliingia msimu wa kwanza, badala ya sigara. Jamani, hicho ni kifaa kigumu kuliko bastola, kwa sababu kinaisha! Shoti pana pipi nzima, shoti ya karibu kimebaki kijiti, na mtazamaji analiona hilo upesi.

Kwa onyesho moja andaa kama 12 za rangi moja, katika hatua tatu: mpya, nusu, inayokaribia kuisha. Kila muongozaji akisema "kata", piga picha: shavu lipi, kijiti kimeelekea wapi. Rangi nyekundu iepukeni, ulimi unabaki umepakwa hadi kipande kinachofuata. Sauti pia inaharibika: pipi ikigonga meno, maiki ya kifuani inanasa kila mgongano. Mstari mrefu usemwe pipi ikiwa mkononi.

Dada Skripti
Mnasahau chanzo. Mhusika Kojak alianzia filamu ya televisheni ya 1973, "The Marcus-Nelson Murders", iliyoandikwa na Abby Mann. Imejengwa juu ya kesi ya kweli ya New York, mauaji ya 1963, ambapo kijana mweusi, George Whitmore, alikamuliwa maungamo ya uongo. Ndiyo maana Kojak ana uzito: mwandishi alimpa polisi shaka juu ya polisi wenzake. Shaka hiyo ikikosekana, kipara na pipi ni mapambo tu.

Mpiga Shoti
Dada, asante. Niongeze upangaji wa sura: mdogo wake Telly, George Savalas, alicheza mpelelezi Stavros kwenye "Kojak", mnene mwenye nywele tele za mawimbi. Wakisimama pamoja hata kwa mbali unajua nani ni nani. Mkichagua waigizaji, wapigeni picha dhidi ya dirisha lenye mwanga, mtazame vivuli tu. Vivuli viwili vikifanana, badilisheni mmoja.