Mashabiki wa Liverpool, mmezidi kumdharau John Aldridge

Wakuu habari za muda huu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mnivumilie. Kila ikikaribia fainali ya Kombe la FA lazima mtu atupie ile klipu ya fainali ya 1988, Aldridge, straika wetu wa enzi hizo, anapiga penati, Beasant kipa wa Wimbledon anaruka kushoto kwake anaipangua, halafu chini vijana wanamwaga vicheko na kumwita galasa. Na wanaofanya hivyo ni mashabiki wa Liverpool wenyewe, sio watani. Jamani imetosha.

Huyu mtu ni mtoto wa Liverpool kabisa, kazaliwa 1958 na timu aliyoishabikia toka utotoni ni hiyohiyo. Wakati wenzake wa rika lake wameshasajiliwa na klabu za maana, yeye yuko kiwanda cha magari cha British Leyland, fundi wa zana, mpira anachezea South Liverpool, timu ndogo. Mpaka 1979 ndio Newport County kule Wales, timu ya daraja la nne, ikamchukua kwa pauni 3,500. Hebu fikirieni, mji wenye Liverpool na Everton, maskauti wamejaa kila uwanja, na straika wa kiwango kile anatoka kwenda daraja la nne na hakuna aliyeshtuka. Mimi hiyo ndio inaniuma, kuliko hata penati.

Akapambana Newport miaka mitano, 1984 akaenda Oxford United ikiwa daraja la tatu. Wakapanda, msimu wa 1984/85 akafunga magoli 30 ya ligi daraja la pili, wakapanda tena mpaka ligi kuu, 1986 wakabeba Kombe la Ligi kwa kuwapiga QPR 3-0. Hapo ndio wakubwa wakafumbua macho. Januari 1987 Liverpool wakatoa pauni 750,000 na jamaa akarudi nyumbani ana miaka 28. Miaka 28 wakuu! Humu mchezaji akifika huo umri mnaanza kuandika auzwe, amekwisha, tafuteni dogo wa miaka 19.

Mechi yake ya kwanza ni Februari 21, ugenini kwa Aston Villa, akaingia kama sub, ikaisha 2-2. Wiki iliyofuata akaanza Anfield dhidi ya Southampton, 1-0, goli la nani? La kwake, mechi yake ya kwanza kuanza. Na kumbukeni presha aliyokuwa nayo, straika wetu Ian Rush ameshauzwa Juventus anamalizia msimu tu, kila mtu anajua huyu mpya kaletwa kuziba pengo, na ubaya zaidi wanafanana, wembamba uleule, masharubu yaleyale, kwa hiyo akikosa hata nafasi moja utasikia "Rush asingekosa". Aliziba au hakuziba? Msimu wa 1987/88 alifunga kwenye mechi zote tisa za mwanzo za ligi, akamaliza na magoli 26 ya ligi, mfungaji bora, timu ikachukua ubingwa ikifungwa mechi mbili tu kati ya 40. Hiyo fainali mnayomchekea nayo, nusu fainali yake dhidi ya Nottingham Forest iliisha 2-1 na yote mawili alifunga yeye. Bila yeye Wembley mngeenda kufanya nini?

Wengine wanaleta ile ya kuchezea timu ya taifa ya Ireland, eti Mwairishi wa kuokoteza, Waingereza walimkataa akakimbilia kwa mababu. Ukoo wake una asili ya Athlone, mji wa Ireland, na damu haifutiki kwa mtu kuzaliwa ng'ambo ya bahari. Na asingekuwa yeye Jack Charlton, kocha wa Ireland, asingempata hata Ray Houghton kirahisi, maana Charlton alienda Oxford akimfuata Aldridge, na Aldridge ndio akamtonya kwamba yule mwenzangu naye ana baba wa Ireland. Wote wawili wakaanza siku moja, Machi 1986 dhidi ya Wales. Miaka miwili baadae pale Stuttgart, Ireland inaipiga England 1-0 kwenye Euro, Houghton kafunga kwa kichwa, sawa, ila rudisha nyuma kidogo uangalie nani kamgongea huo mpira kwa kichwa. Aldridge. Mechi 69 za taifa, magoli 19. Huyo ni wa kuokoteza?

Kuhusu 1989 nitasema kidogo maana ni nzito. Baada ya mkasa wa Hillsborough, mashabiki wetu kufa uwanjani kwenye nusu fainali ya FA, alihudhuria mazishi ya mashabiki, ilimvunja moyo mpaka akawaza kuacha mpira. Akarudi, nusu fainali ya marudio akafunga mawili, na Mei 20 akasimama tena Wembley kwenye fainali dhidi ya Everton, dakika ya 4, mguso wake wa kwanza kabisa wa mpira, nyavuni. Hiyo klipu mbona haipostiwi?

Rush alikuwa ameshanunuliwa arudi, na mtu mwenye magoli 63 kwenye mechi 104 akageuzwa tairi la spea. Septemba 1989 tunawapiga Crystal Palace 9-0, ikatoka penati, akaingizwa kutoka benchi akaifunga mbele ya Kop, jukwaa la mashabiki wetu Anfield, mechi ilipoisha akawarushia watu jezi na viatu vyake, akaenda Real Sociedad ya San Sebastián, Hispania. Kule nako magoli 40 ya ligi ndani ya misimu miwili.

Sasa wewe uliyenifuata PM kuniambia alikuwa anabebwa na krosi za John Barnes, winga wetu wa enzi hizo, nakujibu hapahapa mbele ya watu: Newport alikuwepo Barnes? Oxford je? San Sebastián alikuwepo? Njoo na hoja, matusi nitakuripoti kwa mods.