Nikaha katika bonde la Zion, Utah: tuanzie wapi?

Kaka wa Bibi Harusi

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Dada yangu anaishi Salt Lake City na amekwisha poswa. Yeye na mchumba wake wameshikilia kwamba nikaha isomwe nje, chini ya kuta nyekundu za Hifadhi ya Taifa ya Zion, kule jangwani kusini mwa Utah. Kamati nimekabidhiwa mimi. Wazazi na wazee kadhaa watatoka Mombasa, na jumla ya wageni inakaribia mia na hamsini. Tumefikiria Julai kwa kuwa watoto watakuwa wamefunga shule. Je, kibali hutolewa na nani, wazee watafikishwaje, na ni mambo gani ambayo mtu aliyezoea harusi za ukumbini hawezi kuyawaza mapema?

Mkaazi wa St. George

Waaleikum salaam, kaka. Naomba tuanze na mwezi, maana ndio utakaoamua mengine yote. Julai joto la bondeni hupita nyuzi 38 za Selsiasi, tena ni joto kavu ambalo hukausha jasho kabla halijaonekana, hivyo mzee wa pwani hujiona yu salama hadi kizunguzungu kimshike. Isitoshe, kuanzia katikati ya Julai hadi Septemba ni msimu wa mvua za radi. Mvua hiyo si lazima inyeshe pale mlipo: huweza kupiga mbali, juu ya miamba isiyonyonya maji, kisha Mto Virgin, unaopita bondeni humo, ukafurika ghafla huku juu yenu mbingu ni nyeupe. Septemba 2015 watu saba walifariki kwa mafuriko ya namna hiyo katika Keyhole Canyon, korongo jembamba lililomo ndani ya hifadhi hiyohiyo. Sehemu zinazotumiwa kwa harusi hazibani kiasi hicho, lakini sioni sababu ya kuweka nikaha katika msimu ambao kila asubuhi lazima usome tahadhari ya mafuriko. Mimi ningechagua mwisho wa Oktoba, ambapo joto limepungua na miti ya kando ya mto imegeuka manjano; wazee wabebe shali tu, kwani jioni kuna baridi.

Kibali hutolewa na ofisi ya hifadhi yenyewe, kwa ada, na msingoje wiki za mwisho kukiomba. Ndoa hufungwa katika sehemu chache zilizotengwa, kila moja ikiwa na kikomo chake cha watu, na mia na hamsini ni wengi mno kwa nyingi kati ya hizo. Kibali hakiwafungii watalii njia. Vipaza sauti na droni havikubaliwi, wala msimwage asumini, mchele au chochote kitakachobaki chini.

Shangazi wa Phoenix

Mwanangu, kwa hesabu hiyo gawa shughuli mara mbili. Bondeni waende wazazi, mashahidi, imamu na jamaa wa karibu; walima uwe ukumbini Springdale, mji ulio langoni mwa hifadhi, au mji wa St. George kwenye nafasi zaidi. Huko ngoma itapigwa na biriani italiwa bila kuomba ruhusa ya mtu. Najua watakaoachwa watanuna, ila afadhali wanune mapema kuliko kurudishwa siku yenyewe.

Jambo la pili ni usafiri. Kwa miezi mingi, kuanzia Machi hadi Novemba, magari binafsi hayaingii katika barabara ya bondeni, na watu hupanda mabasi ya bure ya hifadhi, ambayo yana nafasi ya viti vya magurudumu. Basi mwazie bibi harusi amesimama katikati ya wapanda milima wenye mabegi na fimbo, huku pindo la shela limekanyagwa na buti lenye tope. Shela ikunjwe mfukoni, ivaliwe wakati wa kushuka.

La tatu ni saa. Wageni watakaotua Las Vegas, jimboni Nevada, wana safari ya gari ya takriban kilomita 260, na Utah imetangulia Nevada kwa saa moja. Sisi wa Arizona nasi mwezi huo wa Oktoba tuko nyuma yenu vilevile. Andika kwenye kadi, kwa herufi kubwa, kwamba ni saa za Utah.

Mpiga Picha

Naongeza moja. Kuta zile zina urefu wa mamia ya mita, hivyo jua huondoka bondeni mapema sana kabla ya kutua. Chagueni mahali ambapo wote watakuwa kivulini. Nusu jua na nusu kivuli huharibu nyuso na nguo nyeupe kwa pamoja.

Kaka wa Bibi Harusi

Nawashukuru sana. Oktoba imepita bila kura, ingawa mama ataniuliza habari za wale wa walima peke yake. Limebaki suala la hati: maharusi wakae Utah siku ngapi kwanza?

Mkaazi wa St. George

Hata moja. Leseni ya ndoa hutolewa na karani wa kaunti yoyote ya Utah, pasipo sharti la ukaazi wala muda wa kungoja, na hudumu siku 32. Watakaoshuhudia wawe wawili, wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Mashahidi wa nikaha wanaweza kutia saini papo hapo. Imamu ndiye anayepaswa kuirudisha kwa karani ndani ya siku 30, basi mkumbushe kabla hajapanda ndege.