Mdahalo: 737 MAX ingepewa feni kubwa kama ya A320neo? Naombeni hoja za kupinga

Mwl_Shangani
Wakuu habari za jioni. Nafundisha fizikia sekondari hapa Mtwara, vijana wa form five wana mdahalo Ijumaa na mada wamejitungia wenyewe, kwamba Boeing alivyobadilisha injini za 737 ikawa 737 MAX, angeweka feni kubwa mbele ya injini kama Airbus kwenye A320neo yake. Mi nasimamia upande wa kupinga na nimekwama, maana darasani nimewafundisha mwenyewe kwamba kusukuma hewa nyingi taratibu kunakula mafuta kidogo kuliko kusukuma hewa kidogo kwa kasi. A320neo yenye injini ya LEAP feni yake inchi 78, yenye Pratt & Whitney 81, MAX inchi 69 na ushee. Nawateteaje Boeing?

fundi_chuma
Mwalimu anza na miguu ya ndege, ile yenye matairi. 737 ilitengenezwa miaka ya 60 ikawekwa chini chini makusudi, mizigo ipakiwe kwa mikono kwenye viwanja visivyo na mitambo. Walipoipa injini ya CFM56 miaka ya 80 nafasi ikawa ndogo mpaka vifaa vya chini ya injini vikahamishiwa ubavuni, ndo maana kava lake limebonyea chini kama limekaliwa. Kwenye MAX mguu wa mbele umerefushwa inchi 8 na injini ikasogezwa mbele na juu, na hapo bado ni inchi 69. Ukitaka 78 unarefusha miguu mikuu, miguu haiingii tena tumboni, unachonga upya katikati ya ndege nzima. Hiyo sio kubadilisha injini, ni ndege mpya.

Bint_Mikindani
Na feni kubwa sio bure jamani. Ni tanga kubwa kwenye ngalawa, linakuvuta ila mlingoti nao unataka mnene. Uzito unapanda, kava pana linakokota hewa, halafu feni pana inataka kuzunguka polepole wakati turbini ya nyuma inayoiendesha kwa gesi ya moto inataka mbio, ndo Pratt akaweka gia katikati, LEAP yeye akaongeza ngazi (safu za mapanga) za turbini. Safari fupi faida yote inaweza kuliwa na uzito.

Mwl_Shangani
Wakinipiga na ajali je?

fundi_chuma
Watakupiga tu, na bora useme wewe kwanza. Zile injini kukaa mbele zilifanya pua ipende kuinuka zaidi ikiwa tayari imeinuka sana, wakaweka programu ya MCAS kuishusha, ikawa inasikiliza sensa moja tu, sensa ikidanganya pua inashushwa bure, ndege mbili zikaanguka na watu 346 wakafa 2018 na 2019. Sasa waulize, kama inchi 69 imeleta hayo, 78 ingekaa wapi?

Bint_Mikindani
Mi hapo sikubaliani sana, kosa la sensa moja ni la programu na la usimamizi, usilibebeshe feni lote. Mwalimu, kitu kitamu zaidi ni Q400, ile ndege ya abiria ya mapangaboi. Pangaboi lake lina upana wa mita 4 na ushee, mapanga sita, halina hata kava, yaani ndo feni kubwa kupita zote hizo na mafuta inakula kiduchu, lakini mwendo wa jeti haifiki. Kama kubwa ndo bora moja kwa moja, si kila ndege ingefungwa pangaboi?

Mwl_Shangani
Hiyo ya Q400 naificha mpaka dakika za maswali. Nafungua na miguu.