Dawa ya kulainisha nywele na afya ya kizazi: niache au niendelee?

Muulizaji, Morogoro

Habari zenu, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 36 na nimekuwa nikiweka dawa ya kulainisha nywele tangu nilipomaliza kidato cha nne, kwa kuwa shuleni tulikuwa tunanyoa na wengi wetu tulihesabu siku za kufika saluni. Kwa kawaida narudia dawa kila baada ya wiki nane. Mwezi uliopita nilikwenda kupimwa kwa sababu ya hedhi nzito, na ultrasaundi ikaonyesha uvimbe wa fibroidi katika sehemu mbili za kizazi. Shangazi yangu anasema chanzo ni dawa ya nywele. Msusi wangu anakataa kabisa, kwa hoja kwamba kopo analotumia limeandikwa «no lye», yaani halina kostiki, na hivyo ni dawa ya upole.

Upole huo mimi siuoni. Mara ya mwisho nilipata kidonda nyuma ya sikio la kulia, kikatoa majimaji usiku kucha hata foronya ikanata, na nilipoibandua asubuhi kipande cha ngozi kilitoka pamoja na nywele zake. Aidha, mdogo wangu anaolewa mwezi Desemba na ameshauriwa aweke keratini, ile ya kunyoosha nywele kwa pasi ya moto, badala ya dawa, eti haina madhara. Naomba anayefahamu anieleweshe.

Mfamasia

Pole sana, dada. Nianze na fibroidi, kwa kuwa ndizo zinazokuumiza moyo. Hakuna daktari anayeweza kuutazama uvimbe wako akasema umeletwa na dawa ya nywele, kwani fibroidi huwapata wanawake weusi wengi sana, wakiwemo wasiowahi kulainisha nywele. Kilichopo ni uhusiano unaoonekana katika hesabu za watu wengi kwa pamoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston, ambao wamewafuatilia wanawake weusi wa Marekani kwa miaka mingi, walichapisha mwaka 2012 kwamba waliowahi kutumia dawa hizo walipata fibroidi kwa kiwango kilichozidi kile cha wenzao kwa takriban 17%. Ongezeko hilo ni dogo, na peke yake halithibitishi chanzo.

Kinachonifanya niwaambie wateja wangu wapunguze ni utafiti mwingine wa Marekani, uliotolewa mwaka 2022 na taasisi ya serikali ya afya ya mazingira baada ya kuwafuatilia wanawake 33,497 kwa karibu miaka 11. Makadirio yao ni kwamba miongoni mwa wasiowahi kulainisha nywele, 1.64% watakuwa wamepata saratani ya mfuko wa uzazi wakifika miaka 70, ilhali kwa waliotumia mara kwa mara ni 4.05%. Hii si saratani ya shingo ya kizazi, ambayo chanzo chake kikuu ni kirusi. Naomba usome takwimu hizo kwa pande zote mbili: hatari imeongezeka zaidi ya maradufu, lakini hata kwa watumiaji wakubwa, zaidi ya wanawake 95 katika kila 100 hawakukadiriwa kuipata. «Mara kwa mara» kwao ni zaidi ya mara nne katika mwaka uliotangulia, na wewe, kwa wiki zako nane, unafika mara sita.

Kuhusu kidonda: ngozi ya kichwa isiyo na jeraha ni ukuta, lakini iliyoungua hupitisha kemikali kwa urahisi zaidi, zikiwemo zile zinazovuruga homoni, ambazo mara nyingi zimo katika manukato na hazitajwi kwa jina kwenye kopo.

Msusi, Mwanza

Nimesuka na kuweka dawa kwa miaka 19, na neno hilo la «no lye» limetudanganya sote, wasusi na wateja. Dawa ya zamani ni kostiki soda, ile ile ya kutengenezea sabuni. Hiyo nyingine ni chokaa inayochanganywa na kimiminika cha guanidini kabla ya kupakwa. Zote mbili zina pH (kipimo cha uasidi na ubesi) inayoweza kuzidi 12, na hazina budi kuwa kali hivyo, kwa sababu zisipokuwa kali hazivunji viunganishi vinavyoupa unywele mkunjo wake. Dawa za watoto zenye picha ya binti anayecheka nazo ni za namna hiyo hiyo.

Nikiona mteja amefumua rasta jana, au amejikuna, au ana ukurutu, simpaki, hata akikasirika. Mafuta ya mgando husaidia ukingoni mwa nywele na masikioni, lakini hayamfanyi mtu astahimili dakika 30. Mteja akisema inawasha, huo si wakati wa kumwambia avumilie kidogo ili zilale vizuri. Dada, aliyekuacha mpaka ukachubuka alikukosea.

Keratini niliiacha. Pasi ya nywele inapogusa dawa ile hutoka moshi unaochoma macho na koo, na mimi niliuvuta kwa wateja watatu au wanne kwa siku, ndani ya chumba chenye dirisha moja. Nilianza kukohoa, na nilipoacha kazi hiyo kikohozi kiliisha.

Mfamasia

Moshi huo mara nyingi ni formaldehaidi, ambayo ikiyeyushwa majini ndiyo formalini ya kuhifadhia maiti. Shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, limeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Viwanda vingine sasa vinatumia asidi ya glaioksiliki badala yake, na hiyo nayo imeleta balaa lake: mwaka 2024 madaktari wa Ufaransa walieleza kisa cha mwanamke wa miaka 26 ambaye figo zake zilishindwa kufanya kazi mara tatu, kila mara baada ya kulainishwa nywele. Asidi hiyo hupenya kwenye ngozi, mwili huigeuza kuwa chumvi iitwayo oksaleti, na fuwele zake huziba figo. Mdogo wako akishaweka akapata kutapika au maumivu ya mgongo, asisubiri: aende hospitali na ataje keratini.

Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini Tanzania vinasimamiwa na TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, kwa hiyo kopo lisilo na orodha ya viambato wala nembo mlikatae.

Muulizaji, Morogoro

Nawashukuru sana. Mdogo wangu amesoma yote haya pamoja nami, na amekubali kusukwa kwa ajili ya harusi. Mimi nimeamua kutorudia dawa, ila nywele zinazoota na zile za zamani zinakatikia pale zinapokutana, nami sijawa tayari kunyoa. Msusi wa Mwanza, nifanyeje kwa miezi hii ya mwanzo?

Msusi, Mwanza

Suka mistari mikubwa isiyobana, bila kuongeza rasta nzito. Chana zikiwa na maji na mafuta, kuanzia nchani, kwa chanuo lenye meno mapana. Kila mwezi kata kipande kidogo cha zile za zamani, au nikukatie mimi ukipita huku Mwanza.