Eti "jengo la kabla ya vita": dola 2,650 kwa mwezi na nalala na koti

Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu nimeuandika mara tatu nikaufuta, maana kila nikiusoma naona matusi yamezidi. Leo nauachia hivyo hivyo, yaliyobaki mtanisamehe.

Nipo New York, Washington Heights, mitaa ya 170 na kitu, upande wa magharibi wa Broadway. Waliowahi kutafuta nyumba huku wanalijua hilo neno, limejaa kwenye matangazo: jengo la kabla ya vita. Mtanzania ukisikia "kabla ya vita" akili inakwenda Kagera. Wao wanamaanisha Vita vya Pili vya Dunia, na wanalitamka kama muuza mitumba wa Karume anavyokwambia "bosi, hii mali ya Uingereza". Dari liko juu, sakafu ya mbao, kuta nene, mlango wa chini una marumaru. Na kweli vipo. Kuhusu marumaru sikudanganywa.

Niliingia Machi 2024. Dalali hata hakufika. Alinitumia namba za kufungulia kiboksi chenye ufunguo, nikaingia peke yangu, nikakagua peke yangu, nikafunga nikaondoka. Kwa kazi hiyo akachukua asilimia 15 ya kodi ya mwaka mzima, dola 4,770. Dalali wa Sinza tunamtukana kwa kodi ya mwezi mmoja, na yeye angalau anazunguka na wewe juani. (Juni 2025 sheria ilibadilika, sasa anayemwita dalali ndiye anayemlipa. Mimi nilikuwa nimeshaliwa.)

Tuje kwenye joto, maana ndilo lililonileta hapa.

Haya majengo yanapashwa joto kwa mvuke. Chini kabisa kuna boila moja, mvuke unapanda kwenye mabomba hadi vyumbani, unaingia kwenye rejeta. Ndiyo, rejeta, ila si la gari, ni dude la chuma limesimama ukutani na huwezi kulisogeza hata mkiwa wanne. Bomba ni moja tu: mvuke unapandia humo, na maji yaliyopoa yanarudia humo humo. Ukifungua koki nusu, maji yananasa, mvuke mwingine ukija unayapiga. Mnaikumbuka kengele ya shule ya msingi, ile rimu ya gari iliyoning'inizwa kwenye mwembe? Basi ndiyo hiyo, inagongwa saa 10 alfajiri, chumbani kwako.

Boila likiwaka, ndani ni Dar mwezi wa pili saa saba mchana. Nje theluji, sisi madirisha wazi na mtoto yuko na singlendi. Mafundi huku wanasema mitambo hii ilipigiwa hesabu baada ya yale mafua ya 1918, ili nyumba ipate joto hata madirisha yakiwa wazi hewa ipite. Hilo sina ugomvi nalo, ni akili ya wazee. Ugomvi ni boila likizimwa.

Januari hii lilizimwa siku 11. Sheria ya jiji haina kona: kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, nje kukishuka chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi, ndani kusipungue 20. Usiku ndani kusipungue kama 17, nje kuwe vyovyote. Nilinunua kipimajoto cha dola nane nikakitundika juu ya kitanda cha mtoto. Siku ya tatu, saa 11 alfajiri, kilisoma 12. Nimepiga picha siku zote 11, na saa inaonekana.

Tukapiga 311, namba ya jiji ya kupeleka malalamiko, karibu jengo zima. Malalamiko yakiingia, mwenye nyumba naye anaarifiwa. Basi siku mkaguzi anakuja, boila linanguruma kama boti ya Zanzibar, rejeta halishikiki. Mkaguzi kaandika alichokikuta, simlaumu. Jioni yake baridi ikarudi mahali pake.

Nikampigia meneja wa kampuni inayosimamia jengo. Mwenye nyumba mwenyewe hatumjui, kwenye mkataba ni jina la kampuni na sanduku la posta. Akanisikiliza vizuri tu, halafu akasema: "Unajua, hili ni jengo la zamani."

Hapo ndipo damu ilipochemka. Siku ya kunipangisha, uzamani ulikuwa sifa na ukaingizwa kwenye bei. Siku ya kunipasha joto, uzamani umegeuka ugonjwa. Lifti imekwama wiki tatu: jengo la zamani. Kipande cha dari la bafuni kimeangukia kwenye beseni: jengo la zamani. Panya: jengo la zamani, utadhani panya nao ni wa kabla ya vita. Kila Januari wanaleta karatasi kuuliza kama una mtoto wa chini ya miaka 6, kwa sababu rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku humu jijini mwaka 1960 na majengo ya nyuma ya hapo yanachukuliwa kuwa nayo. Mwaka jana nikajaza ndiyo. Mwaka huu nikajaza ndiyo. Rangi ya dirishani inabanduka kama gamba la nyoka na fundi bado yuko njiani.

Supa, yaani msimamizi anayeishi humu humu, yeye msimguse. Amepewa majengo matatu na spana moja.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mtaa naupenda. Wamepita Wairishi, wakaja Wayahudi wa Ujerumani waliomkimbia Hitler (Henry Kissinger kakulia huku), sasa ni Wadominika, ukitoka asubuhi ni Kihispania mpaka dukani. Na sisi tumo. Natembea kwa miguu hadi Audubon, ukumbi alipouawa Malcolm X Februari 1965. Miezi miwili tu kabla, Desemba 1964, ukumbi huo huo alimpandisha jukwaani Abdulrahman Babu wetu wa Zanzibar. Nikipita pale natembea kifua mbele, mpaka nikumbuke ninakokwenda kulala.

Mama mmoja wa Kidominika, ghorofa ya chini yangu, yuko humu tangu miaka ya themanini. Ndiye aliyenifumbua macho. Aliniuliza nalipa ngapi, nikataja, akaweka kikombe chini. Yeye vyumba vile vile, hafiki 1,300.

Kumbe majengo ya kabla ya 1974 yenye nyumba sita au zaidi kwa kawaida yako chini ya udhibiti wa kodi, bodi ya jiji ndiyo inayopanga kila mwaka kodi ipande kiasi gani. Nikaomba historia ya kodi ya nyumba yangu kwenye ofisi ya makazi ya jimbo. Ni bure, inakuja kwa posta. Mwaka 2013: dola 1,180. Mwaka uliofuata: imetoka kwenye udhibiti, kwa sababu kodi imevuka 2,500.

Tupige hesabu. Enzi hizo mpangaji mpya akiingia waliruhusiwa kuongeza asilimia 20, tunafika 1,416. Kufika hizo 2,500 zimebaki 1,084. Njia kubwa iliyobaki ilikuwa ukarabati: kwa jengo la nyumba zaidi ya 35 (letu lina 48) unaongeza kwenye kodi ya mwezi sehemu moja ya 60 ya gharama. 1,084 mara 60 ni dola 65,040. Haya, wapunguzieni hata elfu kumi kwa sababu mpangaji wa mwanzo alikaa muda mrefu. Bado wanataka niamini kwamba walizika elfu hamsini na kitu ndani ya hii nyumba.

Jikoni kwangu kabati limefungwa kwa kamba ya kiatu. Jiko lina sehemu nne, zinawaka tatu. Bafuni kuna vigae vidogo vyeupe vya pembe sita, vya jengo lenyewe tangu linajengwa, na humo ndani ndivyo pekee ambavyo havijapasuka.

Mwanasheria wa msaada wa bure kaniambia nisishangilie. Miaka imepita, na itabidi ionekane ulikuwa ulaghai, si makosa ya makaratasi. Sawa, lakini risiti za hizo elfu hamsini zinaweza kuombwa, au haziwezi? Kuna mtu humu aliyewahi kufungua shauri la kuzidishiwa kodi New York akafika mwisho? Ulichukua muda gani, na walikusumbua vipi ukiwa bado umo ndani? Na je, kuzuia kodi mpaka boila liwake kunasaidia au ndiyo najichongea?

Wale wa "si urudi tu nyumbani" mpite kimya kimya, kodi ya miezi sita kwa mkupuo ya huko tunaijua.

Picha za kipimajoto naweka chini.